Elimu ya Chungu na Nafasi za Vijana Wetu

Wapo watakaocheka watakapoona kwamba leo tumeitoa nafasi hii kwa ajili ya chungu. Katika visiwa vyetu chungu ni mdudu wa kufagiliwa, au wa kumwagiwa majivu ya moto anapoingia jikoni. Mzazi aliyeuza karafuu zake ili kumsomesha mwanawe mpaka chuo kikuu hatarajii kuambiwa kwamba kijana huyo sasa anataka kwenda ng'ambo kusoma habari za chungu na kuvu. Na hata maofisini tunaogopa kwamba ombi la masomo ya namna hiyo, likiwekwa mezani pamoja na la sheria na la uhasibu, litakuwa la mwisho kufunguliwa.

Hata hivyo jambo lenyewe si la mzaha. Katika vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Marekani, Panama, Denmark, Uingereza na Kenya zipo nafasi za masomo ya uzamili na uzamivu katika elimu ya chungu na wadudu wengine wanaoshirikiana na kuvu. Nyingi katika nafasi hizo zinalipiwa. Baadhi ya viumbe wanaochunguzwa humo wametoka katika ardhi ya Afrika Mashariki. Vijana wa visiwa hivi hatuwaoni wakizigombania, na tunaamini kwamba sehemu kubwa ya sababu iko hapa hapa nyumbani, tena inaweza kuondolewa.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Katika bara la Amerika, tangu Argentina mpaka Marekani, wako chungu wa ukoo mmoja, aina zao zikikaribia 250, ambao hawaishi kwa kuwinda wala kwa kuokota makombo. Hao ni wakulima. Mashuhuri zaidi miongoni mwao ni wale wakatao majani. Mtu akisimama katika msitu wa Panama huwaona wakipita kwa safu ndefu, kila mmoja amejitwika kipande cha jani kama mwavuli, wakielekea katika shimo lao. Zamani watu walidhani kwamba majani hayo huliwa, au hutumika kuezekea nyumba yao ya chini ya ardhi. Mwaka 1874 Thomas Belt, mhandisi wa migodi wa Kiingereza aliyefanya kazi Nicaragua, aliandika kwamba majani hayo ni mbolea tu, na kwamba chungu hao huotesha kuvu juu yake na kuila. Wengi waliona ni hadithi. Mwaka 1893 Mjerumani Alfred Möller, baada ya kuwatazama kwa subira kule Brazil, akathibitisha kwamba Belt alisema kweli.

Kazi yao ni hii. Majani hukatwa, hutafunwa mpaka yakawa kama uji mzito, kisha hupangwa kitaluni na kupandikizwa vipande vya kuvu kutoka kitalu cha zamani. Kuvu hiyo hutoa vivimbe vidogo vyenye lishe, navyo ndivyo wanavyolishwa watoto wa chungu. Katika kiota kikubwa wanaweza kuwamo chungu mamilioni, na kila mmoja ana kazi kwa kadiri ya umbo lake: wadogo kabisa hupalilia kitalu, wa kati hukata na kubeba, wakubwa wenye vichwa vipana hulinda. Wapo wengine ambao kazi yao ni kutoa taka tu. Wapo pia wadogo wanaopanda juu ya jani linalobebwa, nao si abiria wavivu, bali ni walinzi dhidi ya nzi wanaotaka kutaga mayai katika mwili wa mbebaji. Malkia kijana anapoiacha nyumba ya mama yake kwenda kuanzisha yake huchukua kipande cha kuvu katika kifuko kilichomo kinywani mwake, mfano wa mwari aliyefungiwa mbegu katika pindo la kanga. Akiipoteza kuvu hiyo, nyumba yake haitasimama.

Ukulima huu ni wa kale mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulikadiria kwamba ulianza miaka milioni 66 iliyopita, wakati kimondo kikubwa kilipoipiga dunia, jua likafunikwa na vumbi, mimea ikafa, na kuvu zikastawi juu ya mizoga yake. Binadamu tumelima kwa miaka elfu kumi na kitu.

Sasa tufike katika jambo linalotuhusu zaidi, nalo ni habari ya mwanafunzi mmoja. Katika miaka ya 1990 Cameron Currie, raia wa Kanada, alikuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Toronto na kufanya utafiti wake Panama. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba vitalu vya chungu havina maradhi, kwa kuwa vilionekana safi siku zote. Mwanafunzi huyu aliuliza swali ambalo mkulima yeyote wa Pemba angeliuliza: shamba la mmea wa aina moja, lililolimwa miaka na miaka, litakosaje maradhi? Akatafuta, akayapata. Ndani ya vitalu mlikuwamo kuvu nyingine, iitwayo Escovopsis, ambayo huishi kwa kuidhulumu ile inayolimwa, na ikiachwa huangamiza kitalu kizima.

Hakuishia hapo. Juu ya miili ya chungu hao kulikuwa na unga mweupe, ambao waliomtangulia waliuona na kuuita nta. Alipouweka chini ya hadubini akakuta ni bakteria walio hai, tena bakteria wa jamii ile inayotupatia dawa za kuua vijidudu, nao walikuwa wakitoa kitu kinachoizuia Escovopsis. Chungu, kwa maneno mengine, wamebeba duka la dawa kifuani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Nature, na mtafiti wake alikuwa bado hajavaa joho la udaktari. Baadaye wataalamu wengine waliyahoji, wakaonyesha kwamba mambo ni magumu zaidi ya ilivyodhaniwa mwanzo na kwamba dawa hiyo haiipigi Escovopsis peke yake. Mabishano hayo hayajakwisha, na kila upande umewahitaji wanafunzi wapya wa kuyapima.

Tunaomba msomaji aangalie vyombo vilivyotumika hapo kwanza: sahani za kuoteshea vijidudu, hadubini, kijiko cha kuchimbia, na macho yasiyokubali neno kwa kuwa lilisemwa na mkubwa. Hakuna mtambo wa mabilioni katika orodha hiyo. Mashine ghali zimekuja baadaye, za kusomea vinasaba, lakini swali lililofungua mlango halikutoka mashineni.

Ni vizuri pia kuangalia mahali. Panama ni nchi ndogo. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ina kituo chake cha utafiti wa nchi za joto huko, na chimbuko lake ni kisiwa, Barro Colorado, kilichobaki juu ya maji wakati mto Chagres ulipozuiwa kwa ajili ya mfereji. Kituo kilifunguliwa kisiwani humo mwaka 1923. Ukubwa wa kisiwa ni kilomita za mraba zipatazo 15 tu, ambazo hazifikii sehemu moja ya mia ya Unguja, na leo hakuna mtaalamu wa misitu ya joto duniani asiyelijua jina lake. Kule Trinidad nako, kisiwa kingine, Mmarekani Neal Weber alianza katika miaka ya 1930 kuwachunguza chungu hao hao, akaendelea na kazi hiyo kwa maisha yake yote ya usomi. Udogo wa mahali haujapata kuwa hoja katika elimu hii.

Atauliza mtu: hao ni chungu wa Amerika, sisi yanatuhusu nini? Ni kweli kwamba ukoo ule hauko Afrika. Lakini Afrika ina wakulima wake. Mchwa, ambao kwa ukoo si chungu bali ni jamaa za mende, nao hulima kuvu ndani ya vichuguu vyao, na wataalamu wanazihesabu aina zaidi ya 300 za mchwa wakulima katika Afrika na Asia. Uyoga unaochomoza juu ya kichuguu baada ya mvua, ambao akina mama wa bara huuchuma na kuupika, ni tunda la shamba hilo. Aina mojawapo, inayoota Zambia na nchi jirani, ina kofia inayokaribia upana wa mita moja, na inatajwa kuwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa. Jinsi mchwa wanavyoipa kuvu hiyo hewa na unyevu katika kichuguu, na jinsi wanavyozizuia kuvu za magugu zisiingie, ni somo linalowashughulisha watafiti wa Denmark na Uholanzi kwa miaka mingi sasa. Vichuguu wanavyovichunguza viko Afrika.

Na chungu wenye kuvu wako kwetu Afrika Mashariki pia. Katika mbuga za Kenya na Tanzania kuna migunga yenye miiba iliyovimba kama vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huishi chungu. Mmoja wao anaitwa kwa jina la kitaalamu Tetraponera penzigi, naye hukaa na kuvu ndani ya nyumba yake ya mwiba. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Kituo cha John Innes, mjini Norwich, Uingereza, walitangaza kwamba kutoka kwa chungu hao waliochukuliwa Kenya wamepata bakteria wa aina mpya, wakampa jina la Streptomyces formicae. Bakteria huyo hutengeneza viuavijasumu ambavyo katika maabara viliwaua vijidudu sugu, na miongoni mwao ni wale wanaowasumbua madaktari wa hospitali zote za dunia kwa kuwa dawa za kawaida hazishiki tena. Kutoka maabara mpaka chupa ya dawa ni safari ndefu, na dawa nyingi hufia njiani. Hatumwahidi mtu yeyote kitu. Lakini mwiba ulikuwa wa mgunga wa Afrika Mashariki, na chungu alikuwa wa Afrika Mashariki.

Hatusemi kwamba wataalamu hao walifanya kosa. Elimu ni ya watu wote, na waliyoyagundua wameyachapisha waziwazi. Upo pia Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, unaotaka nchi yenye kiumbe ipate haki yake katika faida itokanayo na kiumbe huyo. Ni mkataba mzuri. Tunachosema ni kwamba mkataba haujui kusoma hadubini. Ofisa anayeketi mezani kujadiliana juu ya sampuli za chungu, bila ya kuwa na mtaalamu wake mwenyewe wa kumwambia kilichomo ndani ya chupa ile, ni kama mtu anayeuza kiwanja asichopata kukiona.

Wenzetu wengine wameshaijua thamani ya mdudu huyu kwa njia isiyofaa. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne, miongoni mwao vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya chungu waliotiwa katika vichupa tayari kupelekwa nje, kuuzwa kwa watu wanaowafuga kwa starehe. Chungu hao hawakuwa wakulima wa kuvu, walikuwa wavunaji wa mbegu. Hata hivyo kesi ile imefundisha kwamba kitu tunachokifagia kina soko.

Turudi nyumbani. Wasiojua historia ya kilimo cha visiwa hivi hudhani kwamba utafiti wa chungu ni jambo geni kwetu. Sivyo. Zanzibar inatajwa katika vitabu vya chungu vya dunia nzima. Katika miaka ya 1940 mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla, na hofu ikawa imewaingia wakulima na Serikali ya wakati ule, wataalamu waliletwa kutafuta sababu. Katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts waliitambua kuvu waliyoipa jina la Valsa eugeniae kuwa ndiyo iuayo mikarafuu. Wakati huo huo mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, alikuwa akiwachunguza maji moto, wale chungu wekundu ambao kila mchumaji wa karafuu anawajua kwa mwili wake. Aliandika jinsi wanavyoshona majani kwa nyuzi zinazotoka kwa watoto wao, na jinsi wanavyowalinda wadudu-gamba wa mkarafuu kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake, ili wapate ule utamu wanaoutoa. Kazi zake zilichapishwa mwaka 1953 na 1954, na mpaka leo wanafunzi wa chungu huzisoma.

Jambo kubwa zaidi lilihusu minazi. Yupo mdudu anayefyonza vidaka mpaka vikaanguka kabla ya kuwa vitale. Jina lake la kitaalamu ni Pseudotheraptus wayi, na hilo neno la mwisho limetokana na Way huyo huyo. Ilionekana kwamba mnazi wenye maji moto huwa na nafuu, kwa kuwa chungu hao humfukuza mdudu huyo. Ilionekana pia kwamba maji moto wenyewe wana adui, chungu wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaoitwa Pheidole megacephala, ambao hutawala ardhini na kuwazuia maji moto wasipande. Mwaka 1992 ilichapishwa ripoti ya majaribio yaliyofanyika hapa Zanzibar ya kuwapunguza chungu hao kwa chambo chenye sumu ili maji moto wapate nafasi minazini, na mmoja wa waandishi wake wawili alikuwa Rashid. Tunalitaja jina hilo kwa makusudi. Katika orodha ndefu ya maandishi juu ya chungu wa visiwa hivi, majina ya namna hiyo hayatoshi.

Chungu yule yule mwenye kichwa kikubwa ameibuka tena mwaka 2024, safari hii Laikipia. Douglas Kamaru, Mkenya aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, alionyesha pamoja na wenzake kwamba chungu huyo mgeni huwaua chungu wanaoilinda migunga. Migunga ikikosa walinzi tembo huivunja. Mbuga ikawa wazi, na simba wasipate mahali pa kujificha wakiwinda punda milia, basi wakageukia nyati. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Science, na magazeti ya dunia yakauandika. Kijana wa Kiafrika aliutazama wadudu wa nchi yake, akauandikia ulimwengu. Na wadudu wenyewe ndio wale ambao wakulima wetu wa minazi walihusika nao miaka 70 iliyopita.

Bara pia kazi imefanyika. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark, kiliwasomesha vijana wa Kitanzania waliowatumia maji moto kulinda mikorosho na miembe, na matokeo yao yakaanza kuchapishwa katikati ya miaka ya 2010. Hao ni ushahidi kwamba njia inapitika.

Sasa tuseme juu ya nafasi zenyewe, maana tumekwisha kuuliziwa mara nyingi zinapatikanaje. Ya karibu kabisa iko Nairobi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimekuwa na mpango wa kuwasomesha Waafrika shahada ya uzamivu tangu mwaka 1983. Mwanafunzi huandikishwa katika chuo kikuu cha Afrika na kufanya utafiti wake kituoni, na shirika la masomo la Ujerumani, DAAD, limekuwa likiwalipia baadhi yao. Kwa Uingereza upo mpango wa masomo wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa mwaka 1959, ambao Watanzania wamo. Katika vyuo vikuu vya Marekani mwanafunzi wa uzamivu wa biolojia aliyekubaliwa kwa kawaida halipi ada, na hupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Jambo hili wazazi wengi hawalijui, wakadhani kila kitabu cha Marekani hununuliwa kwa shamba. Denmark huenda mbali zaidi: mwanafunzi wa uzamivu huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara. Na kituo cha Smithsonian cha Panama hutoa ruzuku za muda mfupi na za muda mrefu kwa wanafunzi bila ya kuangalia uraia.

Nafasi hizi hazitangazwi kwa baragumu. Nyingi hupatikana kwa kijana kumwandikia profesa moja kwa moja, kwa barua fupi, akieleza swali analotaka kulichunguza na kazi ndogo aliyokwisha kuifanya. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaangusha wengi. Cheti kizuri kinasaidia, lakini profesa anayepokea barua mia huichagua ile ya kijana aliyekwisha kukaa miezi mitatu chini ya mwembe akihesabu viota vya maji moto na kuandika alichokiona. Kazi hiyo haihitaji fedha ya Serikali. Inahitaji daftari.

Yako mambo ambayo kijana hawezi kuyafanya peke yake, na hapo ndipo tunapowageukia wenye mamlaka. La kwanza ni ruhusa. Wengi wa wahitimu wetu wa sayansi wameajiriwa, katika kilimo, misitu au ualimu wa skuli. Nafasi ya ng'ambo ikipatikana huwa na tarehe yake, na barua ya ruhusa ya masomo ikizunguka mezani kwa miezi mitano, nafasi hiyo huchukuliwa na mwingine. Tunapendekeza kwamba ombi la mtu aliyekwisha kupata msaada kamili wa masomo lijibiwe katika siku 30, kwa ndiyo au kwa hapana. Hata hapana ya mapema ina heshima yake.

La pili ni vibali. Watafiti wa kigeni huja visiwani na huondoka. Wanakaribishwa, na wengi wao ni watu wema. Lakini ofisi inayotoa kibali ina haki ya kuuliza: ni mwanafunzi gani wa hapa atakayekwenda nawe shambani, na ni yupi utakayemsimamia kwa pamoja na mwalimu wa chuo chetu? Kubeba mfuko na kuonyesha njia hakuhesabiki kuwa ushirikiano. Jina la mwanafunzi huyo liwe katika mpango wa utafiti tangu mwanzo, na sampuli zinazotoka ziache pacha wake hapa, zikiwa zimeandikwa vizuri na kuhifadhiwa mahali panapojulikana. Sharti hilo halimgharimu mgeni kitu kikubwa.

La tatu ni skuli. Mwanafunzi asiyepata kuiona kuvu chini ya hadubini mpaka anamaliza kidato cha sita hawezi kuipenda kwa kusikia. Hatuombi maabara za fahari. Hadubini moja inayofanya kazi katika skuli moja ya kila wilaya, na mwalimu anayeruhusiwa kuitoa kabatini, itakuwa mwanzo mzuri. Tumesema anayeruhusiwa, kwa sababu tunajua kwamba vifaa vingine vimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa mpaka vikaota kuvu vyenyewe.

Tunajua yatakayosemwa: kwamba nchi yenye haja ya madaktari na wahandisi haiwezi kupoteza watu wake kwa chungu. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini inahesabu vibaya. Nafasi ya utafiti iliyolipiwa na chuo cha Denmark haimnyimi daktari hata mmoja fedha yake; isipochukuliwa na kijana wetu haigeuzwi kuwa kitanda cha hospitali, inakwenda kwa kijana wa nchi nyingine. Na anayesoma chungu na kuvu anarudi akiwa amejifunza kuotesha vijidudu, kuvitambua, kusoma vinasaba na kupima nguvu ya dawa. Mkono huo huo ndio unaohitajika hospitalini kuchunguza vijidudu sugu, na mashambani mkarafuu unapoanza kukauka.

Swali zito zaidi ni la kurudi. Wapo waliokwenda na hawakurejea, na hatuwezi kuwalaumu wote bila ya kujiuliza tuliwaandalia nini. Mtu aliyesomea kuvu kwa miaka mitano akirudi na kupewa meza ya kugonga mihuri, hakai. Kwa hiyo ruhusa ya kwenda iandikwe pamoja na kazi ya kurudia: kituo gani, cheo gani, na vifaa gani vya kuanzia. Vituo vyetu vya utafiti wa kilimo na vyuo vyetu vikuu vinaweza kukaa pamoja na kuandika orodha ya kazi hizo kabla ya msimu ujao wa maombi.

Kwa kijana anayesoma maneno haya na kutafuta swali la kuanzia, yako mengi karibu naye. Ule utamu unaotoka kwa wadudu-gamba huangukia majani, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Mkarafuu wenye maji moto una masizi mengi au machache kuliko usio nao? Kiota cha maji moto kilichozeeka na kukauka kina kuvu zipi ndani yake, na zile zilizomo katika kiota kibichi ni zile zile? Mvua za masika zikianza na kumbikumbi wakaruka kuizunguka taa, wale walioanguka uani wakikusanywa katika chupa safi wanabeba nini miilini mwao? Maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa mwezi Desemba na Januari. Anayeanza kuhesabu viota masika haya atakuwa na kitu cha kuandika katika barua yake kabla ya mwaka kwisha, na ombi lake la ruhusa lingefaa kupelekwa ofisini mapema, pamoja na nakala ya barua hiyo.